Kosa la Kale na Kazi ya Leo

Mwaka jana, jioni moja, mtu alitujia nyumbani, kofia mkononi, akaketi muda mrefu bila kusema neno. Tunamjua tangu zamani. Ni fundi mwashi, kapita wa wenzake, baba wa watoto watano; kuta nyingi za mtaa wetu zilisimamishwa na mikono yake. Mwishowe akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Kampuni moja ilikuwa ikitafuta mtunza magazini, mtu anayejua vyombo vya ujenzi na kuandika hesabu vizuri. Mshahara wake ulikaribia mara mbili ya ule aliouzoea, tena ungelipwa kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Wake za waashi wanajua maana ya maneno hayo: mvua ikishika wiki mbili, ukuta haupandi, na ukuta usipopanda, chungu nacho hakipandi mafigani.

Katika karatasi ile palikuwa na maswali mengi: jina, mahali pa kuzaliwa, shule, kazi ulizozifanya. Na chini kabisa swali hili: Je, umepata kuhukumiwa na tribunali kwa kosa lolote? Pembeni palikuwa na visanduku viwili, kimoja cha ndiyo, kimoja cha hapana.

Ndugu huyu, alipokuwa na miaka 19, aliiba mifuko mitatu ya simenti mahali alipokuwa kibarua, akaiuza, akanunua viatu na bia. Alikamatwa siku ya nne. Alipata miezi sita ya buloko, akaimaliza yote, hakupunguziwa hata siku moja. Sasa ana miaka 41, na tangu siku zile hakuna aliyemshitaki hata kwa kuku. "Mwalimu," akatuuliza, "hapa nitie alama wapi?"

Tulimjibu upesi mno. Tulimwambia: Tia kwenye ndiyo, mtu mwema hasemi uongo, wakubwa wa kampuni wakiuona unyofu wako watakuheshimu. Akatia alama kwenye ndiyo, akaeleza kwa mistari mitatu jinsi ilivyokuwa. Baada ya siku tisa alirudishiwa karatasi zake na mlinzi wa mlangoni, kupitia dirisha, bila maelezo yoyote. Akaturudia. Hakuwa na hasira, nasi tulitamani afadhali angalikuwa nayo. Alisema tu: "Mwalimu, mliniambia niseme kweli, nami nikaisema. Sasa nielezeni, kweli hiyo mama watoto ataipika kwa mafuta gani?"

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tangu siku hiyo jambo hili limetukaa moyoni, na ndilo tunalotaka kulichungua hapa pamoja na wasomaji wetu, kwa maana tunajua kwamba ndugu yule si peke yake. Kuna wengi miongoni mwetu wanaopita mbali na lango la kazi njema kwa sababu ya karatasi moja iliyolala katika ofisi.

Yafaa tujue kwanza karatasi hiyo ilitoka wapi. Zamani, nchini Ufaransa, mtu aliyehukumiwa kazi ngumu alichomwa begani kwa chuma cha moto. Sheria ya mwaka 1810 ilitaja hata herufi zenyewe: T kwa aliyehukumiwa kwa muda, TP kwa aliyehukumiwa maisha. Aliyemaliza kifungo chake alitoka na alama hiyo mwilini, na kila aliyemvua shati alijua. Mwaka 1832 Wafaransa waliona haya, wakaiondoa adhabu hiyo. Lakini majaji walibaki na shida: mtu aliyefungwa mji huu angehamia mji mwingine, naye jaji wa huko angemdhani kuwa ndiyo mara yake ya kwanza. Basi mwaka 1848 mtu mmoja wa sheria wa Versailles, jina lake Arnould Bonneville de Marsangy, alitoa shauri kwamba kila hukumu iandikwe na kupelekwa kwenye tribunali ya mahali alipozaliwa mhukumiwa, iwekwe katika kabati yenye vijumba vidogovidogo kwa kufuata majina. Mwaka 1850 serikali yao ikaamuru hivyo. Kabati la namna hiyo wao huliita kasie, na ndiyo maana hata leo huku kwetu watu husema kasie judisieri. Wabelgiji walituletea jambo hilo pamoja na sheria zao nyingine.

Hatusemi kwamba Bonneville alikuwa mtu mbaya. Ni yeye huyo aliyetetea pia kwamba mfungwa mwenye mwenendo mzuri aachiliwe kabla ya muda wake kwisha. Alitaka jaji ajue anamhukumu nani, na hilo ni jambo la haki. Neno lililoharibika ni hili: kabati lililotengenezwa kwa ajili ya jaji likafunguliwa mbele ya kila mwenye kazi ya kutoa. Chuma cha moto kilichoondoka begani kikarudi kwa njia ya wino. Wafaransa wenyewe walilitambua baada ya miaka michache. Kwa sheria ya mwaka 1899 waliamuru kwamba hukumu nyingine zisionekane katika karatasi anayopewa mtu ili akatafute kazi, na kwamba aliyekaa miaka kadhaa bila kosa jipya arudishiwe heshima yake kwa nguvu ya sheria yenyewe, bila kwenda kuomba.

Tumwangalie sasa ndugu yetu. Jaji alisema miezi sita. Hakusema miezi sita na baada yake miaka 22 ya kukaa nje ya lango. Kama jaji angalitamka hukumu ya namna hiyo kwa mifuko mitatu ya simenti, watu wote waliokuwa katika tribunali wangaliguna, na mwenye simenti mwenyewe angalisimama kumwombea kijana. Lakini adhabu ambayo hakuna jaji aliyethubutu kuitamka inatimizwa kila mwaka na makarani, walinzi wa milango na wakubwa wa ofisi, ambao hakuna hata mmoja wao anayejiona anaadhibu. Kila mmoja hujisemea: Mimi nimemchagua mwingine tu. Na kweli, kila mmoja amemchagua mwingine tu. Walakini hao wote wakijumlishwa pamoja, mtu amefungwa maisha.

Je, si maneno ya kukuza shida? Hapana, maana jambo hili limepimwa. Mwaka 2001, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, mwanamke mmoja mwenye elimu ya mambo ya jamii, Devah Pager, aliwatuma vijana wanne kuomba kazi ndogondogo kwa waajiri 350. Wawili walikuwa weupe, wawili weusi, wote wanafunzi wasio na kosa lolote. Lakini kwa zamu mmoja wa kila jozi alijidai kwamba amekaa gerezani miezi 18 kwa ajili ya dawa za kulevya. Matokeo aliyatangaza mwaka 2003. Kijana mweupe asiye na hukumu aliitwa mara 34 katika 100. Mweupe mwenye hukumu mara 17. Kijana mweusi asiye na hukumu aliitwa mara 14. Mweusi mwenye hukumu mara 5 tu. Wasomaji wetu watakuwa wameona upesi jambo lililomo ndani ya hesabu hiyo: mweusi ambaye hakukosa kitu aliitwa mara chache kuliko mweupe aliyesema ametoka gerezani. Hapo kuna neno kubwa, tena chungu, nasi tutalirudia mbele kidogo.

Sasa twende kwenye swali lililotushinda jioni ile, yaani swali la uongo. Tulimwambia ndugu yetu atie alama kwenye ndiyo kwa sababu tulifikiri kuna njia mbili tu: kusema kweli au kudanganya. Tulisahau njia ya tatu ambayo kila mtu mzima huitumia kila siku bila dhambi, nayo ni kunyamaza. Mtu akikuuliza njiani una faranga ngapi mfukoni, humdanganyi usipomwambia. Akiuliza mke wako alikukosea nini mwaka ule mlipotengana, unaweza kumwambia kwamba habari hiyo si yake. Kumbe kabla ya kuuliza kama jibu ni la kweli, ilitupasa tuulize kama mwulizaji ana haki ya kuuliza.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilipima neno hili alipoandika juu ya mshitakiwa mbele ya jaji. Alifundisha kwamba jaji akiuliza kwa kufuata utaratibu wa sheria, mshitakiwa anapaswa kusema kweli. Lakini akiuliza yale ambayo sheria haimpi ruhusa kuyauliza, mshitakiwa hapaswi kujibu, anaweza kuliepa swali kwa njia iliyo halali, ila asiseme uongo. Kama ni hivyo mbele ya jaji, je, mbele ya karani wa kampuni? Huyohuyo alifundisha pia kwamba anayelifichua kosa la siri la mwenzake bila sababu ya haki anakosa, hata kama anachosema ni kweli, kwa maana jina jema ni mali, na kumnyang'anya mtu jina lake ni wizi mbaya kuliko kumnyang'anya nguo.

Ajabu ni kwamba watu wasiosoma Thoma wamefika mahali palepale. Mwaka 1974 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwarudishia heshima wahukumiwa. Kwa sheria hiyo, hukumu iliyopitisha muda uliowekwa, bila kosa jingine, huhesabiwa kuwa imetumika, kama tikiti iliyokwisha kukatwa. Mwajiri akimwuliza mtu kama amepata kuhukumiwa, swali hilo huchukuliwa kana kwamba haliihusu hukumu iliyotumika, na mtu anaweza kujibu kufuatana na hayo. Tena anayeitangaza hukumu ya namna hiyo kwa nia mbaya, ili kumwumiza mwenzake, anaweza kushitakiwa kwa kumchafulia jina, wala haitamsaidia kusema kwamba alichosema kilikuwa kweli. Mwanzoni sheria hiyo haikuwasaidia waliofungwa zaidi ya miezi 30. Baadaye mipaka ililegezwa mwaka 2014 na tena mwaka 2023.

Hapa msomaji mwangalifu atatukamata mkono. Atasema: Anayejibu hapana naye alihukumiwa, si anasema uongo uliobarikiwa na Bunge? Tumelifikiri jambo hilo sana, na hatutaki kuliruka. Tunaona hivi: mwulizaji na mwulizwa wote wawili wanajua sheria ya nchi yao. Swali lenyewe, kwa sheria, lina maana ya kuuliza hukumu zinazohesabiwa bado. Anayejibu hapana anajibu swali hilo, halijibu jingine. Ni kama mtu aliyelipa deni lake lote: ukimwuliza kama ana deni, atasema hana, wala hasemi uongo kwa sababu mwaka fulani alikuwa nalo. Lakini pale ambapo sheria ya namna hiyo haipo, neno hapana linabaki kuwa uongo, hata likisemwa na mtu mwenye njaa. Ndipo tunapoona ukali wa jambo. Serikali isiyofunga daftari inamsimamisha raia wake mbele ya visanduku viwili, kimoja cha njaa, kimoja cha uongo, kisha inamlaumu kwa chochote atakachochagua. Tena inawafundisha vijana neno baya sana, kwamba mwongo hupata kazi na mkweli hurudishiwa karatasi dirishani.

Hatutaki kusahau wengine walio na haki zao katika jambo hili. Mwenye kampuni ana magazini yenye mali, na ana haki kujua anampa nani funguo. Mama anayempeleka mtoto wake shuleni ana haki kubwa zaidi. Mtu aliyewaharibu watoto hatuoni haya kusema asiwekwe tena karibu na watoto, hata ipite miaka 50, hata awe amejuta kweli. Akijuta kweli, yeye mwenyewe hatataka. Hata Waingereza tuliowataja, mwaka uliofuata sheria yao, waliweka orodha ya kazi ambazo maswali yote yanaruhusiwa, na kazi za kulinda watoto zimo. Swali linalofaa ni hili: kosa lile na kazi hii vina ujamaa gani, na miaka mingapi imepita? Mwizi wa jana asipewe funguo leo. Lakini mwizi wa miaka 22 iliyopita, ambaye tangu hapo amepita kila siku kati ya mali za watu na mikono mitupu, amekwisha kuonyesha tabia yake kuliko kijana wa mwaka huu mwenye karatasi safi ambaye hakuna aliyepata kumjaribu.

Lipo pia jambo la mwenye simenti. Ndugu yetu alipokaa buloko alimlipa nani? Aliilipa Serikali kwa siku zake. Mwenye mali hakurudishiwa hata kikombe cha simenti. Tunaona mara nyingi watu wakisema nimekwisha kulipa kwa sababu walilala gerezani, hali yule waliyemwibia bado ana pengo lake. Tulipomwuliza ndugu yetu habari hiyo alitazama chini. Alisema kwamba hakupata kurudi kwake kwa aibu, na kwamba sasa mzee yule amekufa. Tulimwacha, maana hatukutaka kumwongezea mzigo mtu aliyekuja kutuomba msaada. Labda tulikosa hapo pia.

Katika nchi yetu yupo mtu mmoja ambaye kila mmoja anamjua, na ambaye maisha yake yanaligusa jambo hili, ingawa hatumtaji ili kumsifu au kumlaumu. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta huko Stanleyville. Mwaka 1956 alikamatwa kwa kuchukua fedha za posta, zaidi ya faranga 100,000; mwaka 1957 akahukumiwa, na mwezi wa Septemba mwaka huo akatoka gerezani. Akaenda Léopoldville. Hukumu yake ilikuwa ya juzijuzi, tena ilikuwa hukumu ya fedha, ambayo ndiyo wenye kazi huiogopa kuliko zote. Hata hivyo kiwanda kimoja cha bia kilimwajiri, akaitangaza na kuiuza bia ya Polar, akapanda mpaka kuwa mkurugenzi wa biashara. Oktoba 1958 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa Waziri Mkuu. Yaliyofuata yanajulikana na ni ya majonzi. Sisi tunataka tu kuonyesha lango lile la kiwanda cha bia. Kama pale mlinzi angalimrudishia karatasi zake dirishani, historia ya Kongo ingaliandikwa kwa njia nyingine, njema au mbaya hatuwezi kujua. Je, ni wangapi waliorudishwa, ambao hatutayajua kamwe majina yao kwa sababu walirudishwa?

Wengine husema kwamba Serikali haiwezi kusahau, maana kusahau ni kudhoofisha sheria. Tunastaajabu kusikia hivyo katika Kongo. Mwaka 2009 Bunge letu lilitunga sheria ya kufuta makosa ya vita na ya uasi yaliyofanyika katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Mwaka 2014, tarehe 11 Februari, ilitoka nyingine kwa makosa ya uasi, ya vita na ya siasa katika nchi yote. Makosa makubwa kupita yote, kama mauaji ya kimbari, yaliachwa nje, na hiyo ni haki. Lakini waliochukua bunduki dhidi ya Serikali walifutiwa kosa hilo. Hatuzilaumu sheria hizo. Amani ina bei yake, nasi tulio na ndugu mashariki tunaijua bei ya vita. Tunasema tu kwamba Serikali inajua kusahau, tena inasahau haraka, inapomwogopa mtu. Mwenye mifuko mitatu ya simenti hakuna anayemwogopa, basi yeye anakumbukwa.

Na tusichanganye mambo. Rais wa nchi ana uwezo wa kumpa mhukumiwa msamaha, kumpunguzia au kumwondolea adhabu. Lakini msamaha wa namna hiyo unafungua mlango wa gereza tu. Hukumu yenyewe inabaki imeandikwa. Aliyemaliza kifungo chake haombi kutolewa gerezani, kwa maana hayumo. Anaomba kutolewa katika karatasi.

Matunda ya kufunga daftari nayo yamepimwa. Katika jimbo la Michigan, Marekani, sheria iliruhusu watu fulani, baada ya miaka mitano bila kosa, kuomba hukumu yao ifichwe isionekane na waajiri. Wataalamu wawili wa sheria, J. J. Prescott na Sonja Starr, walifuata habari za watu hao kwa miaka mingi, wakatangaza matokeo mwaka 2020. Mshahara wa waliofutiwa ulipanda kwa zaidi ya asilimia 22 katika mwaka mmoja, hasa kwa sababu wasio na kazi walipata kazi na wenye kazi duni walipata nzuri zaidi. Na je, walirudia makosa? Katika miaka mitano walikuwa 4 tu na kidogo katika 100 waliohukumiwa tena kwa kosa lolote. Inawezekana kwamba waliopata nguvu ya kuomba walikuwa tayari watu wenye bidii kuliko wenzao. Wataalamu wenyewe wanalikumbuka hilo. Hata hivyo hesabu hiyo inatosha kumtuliza mwenye magazini.

Lakini hesabu iliyotugusa zaidi ni nyingine. Katika watu 100 walioruhusiwa kuomba, walioomba na kupata katika miaka mitano ya kwanza hawakufika hata 7. Wengine wote walibaki na mzigo ambao sheria ilikuwa tayari kuwaondolea. Kwa nini? Wengi hawakujua kwamba sheria hiyo ipo. Palikuwa na fomu za kujaza, alama za vidole, ada, siku za kwenda tribunalini. Tena aliyewahi kuhukumiwa hapendi kuukaribia mlango ule kwa hiari yake. Nani asiyeelewa? Ndugu yetu mwashi, akipeleka matofali upande wa parke, huzunguka kwa njia ya nyuma.

Kwa sababu hiyo jimbo la Pennsylvania lilitunga mwaka 2018 sheria ya namna mpya: muda ukifika, Serikali yenyewe inaficha hukumu ndogo za zamani, mtu asiende kuomba. Katika mwaka wa kwanza wa kuitimiza, kesi zilizofichwa zilipita milioni 30, nyingi zikiwa kesi za watu walioshitakiwa bila kuonekana na hatia, maana hata kushitakiwa tu kulikuwa kumewachafua. Michigan nao wakafuata. Tangu Aprili 2023 daftari lao linajifunga lenyewe. Sisi tunaiona njia hiyo kuwa ya haki. Serikali haikungoja mwizi aombe kufungwa. Kwa nini ingoje aombe kufunguliwa? Haki inayomngoja maskini ajue kusoma, awe na nauli, awe na ada, apate na siku mbili za kuacha kazi, mara nyingi humkosa maskini.

Tuliahidi kurudia neno lile chungu la Milwaukee. Katika miji na majimbo kadhaa ya Marekani walijaribu jambo jepesi zaidi: waliwakataza waajiri kuuliza habari za hukumu katika karatasi ya kwanza ya maombi. Sonja Starr huyohuyo pamoja na Amanda Agan walipima matokeo huko New York na New Jersey, wakaonyesha mwaka 2018 kwamba waajiri waliokatazwa kuuliza walianza kubahatisha kwa rangi ya ngozi: vijana weusi waliitwa mara chache kuliko kwanza wakilinganishwa na weupe. Wasomaji wetu wasidhani hayo ni mambo ya Wazungu tu. Hapa kwetu mwenye kazi asiyepata karatasi huuliza: Anatoka kijiji gani? Ni kabila gani? Baba yake ni nani? Kuficha swali peke yake hakuondoi hofu iliyo moyoni mwa anayeuliza. Basi hatusemi kwamba sheria itamaliza kazi yote.

Yaliyobaki ni habari ya ndugu yetu. Mwezi wa pili mwaka huu tulisikia kwamba alikuwa amekwenda, bila kutuambia, kwa mtoto wa yule mwenye simenti. Alibeba mifuko mitatu mipya katika kigari cha kusukuma. Mtoto yule, ambaye sasa ni baba mwenye mvi, hakujua habari yoyote. Marehemu hakupata kumwambia mtu. Ndugu yetu alilazimika kusimulia tangu mwanzo, amesimama uani, wake na watoto wakisikia. Mwenye nyumba alikaa kimya, kisha akamwambia mtoto alete kiti. Wakaongea juu ya marehemu. Simenti ilipokelewa, na siku iliyofuata ndugu yetu alirudi na mwiko wake, kwa sababu alikuwa ameona kwamba ukuta wa bafu umepasuka.

Nafasi ya magazini ilikwisha kuchukuliwa zamani. Mwezi wa tatu kampuni nyingine ilitangaza kazi kama ile, naye akaja tena na karatasi, akaitandaza mezani petu. Swali lilikuwa lilelile, chini kabisa, na visanduku vyake viwili. Safari hii hatukumwambia la kufanya. Tulimweleza habari za Thoma na za Waingereza, tukamwambia na sheria ya kwetu ilivyo, kwamba haijamfungia daftari, na kwamba neno hapana lingekuwa uongo. Alisikiliza, akachukua kalamu, akajaza kila mstari kwa herufi zake kubwa za mwashi. Alipofika chini aliviacha visanduku vyote viwili vitupu, akatia sahihi. "Wakiniita na kuniuliza kwa mdomo," alisema, "nitawaambia yote, hata bia niliyoinunua. Lakini waniite kwanza, wanione uso."

Akaikunja karatasi, akaenda kuipeleka mwenyewe. Hadi tunapoandika haya hawajamwita, wala hawajamrudishia.